Javan Ondiek, Fundi wa Visu vya Kukunja, Kapsoya

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tulipokurudisha Ugenya tukakulaza kando ya mama yako. Waliokuja kutufariji waliuliza sana habari za visu vyako. Wachache walijua ulivyoishi miaka yako ya mwisho, na alivyoishi Mama nawe. Leo tunawasimulia, nawe ukisikia.

Ulikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kilipofungwa, wenzako wengi walirudi kwao. Wewe ulibaki hapa Kapsoya, Eldoret, ukitengeneza majembe na baiskeli. Ndipo Mzee Kinyanjui alipokuja kutoka Turbo na kisu cha mfukoni cha marehemu baba yake, kile alichoachiwa na mzungu wa shamba. Kilikuwa kisu cha kukunja cha Kiingereza, springi imekatika. Ulikifungua polepole kama mtu anayefungua bandeji. Ulipomrudishia kikiwa kizima, ulikuwa umeshachora chako.

Tangu hapo hukuacha. Umbo lilikuwa la Waingereza wa kale, bapa limenyooka, ncha imekatwa kama kwato la kondoo. Lakini mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe wa huku, na mgongoni ulichonga nakshi ya majani ya mahindi kwa tupa nyembamba. Ukimaliza kimoja ulimwita Mama kutoka jikoni, kama binti wa kwao Alego: "Nyar Alego, kuja usikie." Si uone, usikie. Ulikifunga karibu na sikio lake, tak! Naye, mikono imejaa unga, akajibu, "Sawa, nimesikia, Baba Lennox. Ugali unaungua."

Kisha kiharusi kikakupata. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yote yakakutoka isipokuwa moja: "Bado." Ukitaka maji, bado. Ukitaka kugeuzwa, bado. Binti yako Lorraine akirudi kutoka kazini, ulimsalimia kwa bado. Daktari alisema usikaribie vyuma, kwa hivyo Mama akatia karakana kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni. Kutwa ulikaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu ukiutazama mlango ule. Mama alikaa nyuma yako. Hakwenda sokoni, hakwenda chama cha akina mama, hakwenda hata kumzika dada yake huko Alego, maana nani angekugeuza? Watu walimsifu kwa uvumilivu. Ni Wangari peke yake, jirani yetu, ambaye Mama alimwambia ukweli: "Wanasema namtunza. Mimi naona tumefungiwa pamoja, na hakuna mtu anajua tutatoka lini."

Siku moja ulimshika Mama kwa mkono wako wa kushoto ukakataa kumwachilia. "Bado," ukasema. "Bado, bado." Ulikuwa unalia. Mama akafungua karakana.

Kwenye vaisi yako ya kubania vyuma kulikuwa na kisu ulichokiacha nusu. Ulichukua tupa kwa mkono wa kushoto, ikateleza, ikaanguka. Mama akakupa tena, ikaanguka tena. Alipokupa mara nyingine uliirusha ukutani mwenyewe. Akaiokota, lakini hakukurudishia.

"Basi nionyeshe," akasema.

"Bado."

"Najua bado. Nionyeshe nisugue wapi."

Ukaonyesha kwa kidole. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kushika tupa maishani alijikata, alijichoma, akasugua. Ukasema bado, akasugua tena. Kisu kilipokamilika, springi ilikuwa kali hata hakikukubali kufunguka. Mama alijaribu akashindwa. Mzee Kinyanjui, aliyekuja kukujulia hali, akavunja ukucha. "Fundi, hiki si kisu. Hiki ni jiwe!" Ukacheka. Baba, ulicheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu uugue, na Mama akaketi sakafuni kwenye vumbi la pembe akacheka nawe.

Hatutaki kupamba mambo. Kesho yake ulikuwa dirishani tena, kwenye kiti kile kile na mwili ule ule. Hukupona. Mvua kubwa zilipoanza ulituacha, na mkono wako wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wake.

Mwaka huu umembana Mama. Lennox anataka ahamie kwake Nairobi. Ndugu zako wanataka akae Ugenya. Kila mmoja anampenda na kila mmoja amemwandalia chumba. "Kila nyumba mnayonionyesha," alituambia, "naona tu pahali pa kuingilia, sioni pa kutokea."

Juzi mtu alibisha geti. Alikuwa Kipyego, mkulima wa Sugoi, ambaye hakuwa na habari za kifo chako. Alitaka kisu cha kumpa mzee wake. Mama akamwambia fundi alifariki. Bwana yule akavua kofia, akampa pole.

"Na sasa nani anatengeneza, Mama?"

"Mimi."

Lorraine alikuwa barazani na alisikia. Anasema Mama mwenyewe aligeuka nyuma kuangalia ni nani aliyejibu.

Tunaokulilia na kukuombea ni mkeo Leonida, wanao Lennox, Lorraine na Marion, wajukuu zako, ndugu zako wa Ugenya, jirani yako Wangari wa Kapsoya na rafiki yako Mzee Kinyanjui wa Turbo.

Maadamu tuko hai, Baba, jina lako litatajwa nyumbani humu.