Suruali Zilizoraruka na Neno la Meneja

Mama,

Kibanda chako cha kushonea pale Makongeni sasa kinauza chipsi. Mimi nimepata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo, Ruiru. Naandika kasoro za suruali kabla hazijasafirishwa.

Kasoro ulinifundisha wewe. "Pitisha kidole. Kikitokea upande wa pili, imeraruka. Kisipotokea, ni uzi tu umevutwa." Huo uzi uliovutwa kwa Kiingereza ni "snag": msumari, pete au kucha hunasa uzi, ukatoka kitanzi, lakini kitambaa bado ni kizima. Kikiraruka ni "tear". Mtoto wa darasa la nne anajua.

Meneja wetu hajui. Au anajua, na hapo ndipo ananichukiza zaidi. Bwana huyu wa mtaa wa kitajiri wa Membley, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, alinunua mashine kuukuu ya kupiga pasi, nayo inararua suruali kwenye goti. Ngumi yangu nzima inapita, Mama! Akaniita: "Kijana, hapa hatuna tear. Andika snag. Snag ni kucha za hawa wamama." Kisha akanyoosha tai, kana kwamba lugha ameivumbua yeye.

Niliandika. Wiki nzima, snag, snag, kwa ule mwandiko uliokuwa ukiwaonyesha majirani. Namdharau, lakini nimeanza kujidharau mimi.

Ijumaa alimwita Mama Kui, anayeshona mifuko ya suruali. Akaonyeshwa ripoti, akaambiwa kucha zake zimeharibu mali, Jumatatu ajieleze ama aende nyumbani. Akarudi akatuinulia vidole: "Haiya! Hizi kucha hata ukoko wa ugali zinashindwa kukwangua, sasa zitararua jeans?" Wote walicheka. Mimi niliinamia karatasi zangu. Hakujua mwandiko ni wa nani.

Leo baada ya kanisa nimeandika ripoti upya, nikifuata daftari langu nilimokuwa nikiandika ukweli, suruali moja baada ya nyingine: tear, goti la kushoto, mashine ya pasi. Nimetia sahihi. Naogopa, Mama. Huenda kesho saa sita nitakuwa sina kazi.

Pumzika sasa kwa amani. Kesho nitampa Mama Kui nakala kabla meneja hajaegesha gari lake, na nitamwambia ni nani aliyeandika zile ripoti za kwanza.

Mwanao.