Tarumbeta la Noémie

Montreal, Februari

Noémie,

Natumai baridi ya huko Gaspé haikutesi. Hapa theluji imefika madirishani. Paka wako bado hanitaki. Analala juu ya koti uliloliacha.

Unakumbuka mkutano ule? Sote tulizoea kujenga modeli ya lugha ya kompyuta kwa matabaka ya ukubwa mmoja, kuanzia maneno yanapoingia hadi jibu linapotoka. Wewe ukasema ya mwanzo yawe membamba, ya mwisho yawe mapana. Bosi Gagnon akaangua kicheko: "Dada, unatujengea modeli au tarumbeta?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Wiki ile ile ukaacha kazi.

Baadaye nililijaribu wazo lako kimyakimya. Tarumbeta lako limeishinda modeli yetu, tena kwa mbali.

Ijumaa nililieleza ukumbini, jina langu peke yake likionyeshwa ukutani. Wakapiga makofi. Gagnon, aliyekwisha kusahau mzaha wake, akanishika bega: "Bwana wee, wazo hili umelitoa wapi?"

Nilitakiwa kutaja jina moja tu.

Nikasema nililiota.

Koti nitalituma kesho. Angalau hilo limrudie mwenyewe.

Bastien