Mikunazi Miwili ya Lanet

Mpendwa Chebet,

Hapa Lanet tuko salama, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza tukate mkunazi upi, ili baba yako apate mahali pa kujenga nyumba ya kupangisha.

Nilipoolewa nilikuja na kokwa za kunazi kutoka kwetu Marigat, nikapanda moja. Babu yako akanunua mche wa kupandikizwa. Wake ulizaa mwaka wa pili, kunazi kubwa kama mayai, za majimaji. Wangu ulichukua miaka sita, umejaa miiba, na kunazi zake ni ndogo, zina uchachu kwanza halafu utamu. Babu yako alizicheka. "Hizo ni za mbuzi," alisema.

Siku moja nikifua koti lake, nilipata mfukoni kokwa ndogo tele, za mti wangu. Sikumwambia. Jioni hiyo nilichuma kunazi zake, nikala mbele yake, nikamwambia ni tamu sana.

Sasa hayupo. Wangu ndio mtamu, hilo nalijua, lakini kila msimu naanza na wake.

Baba yako nimemwambia asogeze mahali pa nyumba.

Nyanya yako