Taa ya Tangi la Perege

Jumatatu, 19 Juni 1972

Taa ya tangi imezimika tena. Imepepesa mara mbili tatu, ikalia ziii, ikafa. Na imechagua saa ya kufa — wanakijiji ishirini kutoka Unyambwa wamesimama mbele ya kioo, wamekuja kuona perege ili wakachimbe bwawa lao la ujamaa. Wameona giza. Mzee mmoja akasema kumbe serikali imetuita kutazama maji machafu. Wote wakacheka. Na mimi nimecheka, kwa meno tu.

Bwana Fabiano hakucheka. Huyu bosi ametoka Tabora miezi mitatu iliyopita na mpaka leo hajui jina langu. Ananiita mfagizi. Mfagizi nilikuwa, sikatai. Miaka minne nimefagia ofisi hii ya samaki. Lakini yule mtaalamu wa Kizungu alipoondoka akatuachia tangi, nani alijifunza kuwalisha? Nani aligundua kwamba jike anaficha watoto mdomoni, wakati makarani wanasema anaumwa taya? Mimi, Dorkas. Nikapewa kazi ya mtunza samaki, kwa barua yenye muhuri. Sasa Fabiano anasema taa haifi bure, kuna mtu anaichezea. Akatazama mikono yangu. Mpumbavu!

Amepiga marufuku mtu yeyote kugusa swichi mpaka fundi aje. Na fundi wa umeme wa karakana ya serikali ni mmoja tu — Kefa. Mume wa Selina wangu. Mkwe!

Jumanne, 20 Juni

Kwetu Mungaa mkwe na mama mkwe hawaonani mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Hawaongei, hawakai chumba kimoja. Nikimwona kwa mbali naacha njia, nageukia mashamba ya watu. Selina ana mimba ya miezi saba. Kwa hiyo Kefa akija, mimi natoka.

Sijampenda tangu mwanzo. Miaka miwili ya chuo Dar es Salaam, basi anatembea kama aliyeuleta umeme Singida mgongoni. Lakini mkwe hakuti uchafu kwangu. Hilo halina mjadala. Asubuhi nimechomoa waya ukutani, nimefunua mfuniko, nikatoa tyubu, ile fimbo ya kioo inayowaka, nikafuta kila kitu kwa kitambaa kibichi na kingine kikavu. Vile vyuma vya ncha za tyubu vilikuwa na ungaunga mweupe. Nikasugua mpaka vikang'aa. Nikazima na pampu ya hewa ili maji yatulie, aone samaki vizuri. Nikafagia, nikaondoka na Mughwai wa mkokoteni kwenda kuchota maji.

Tumerudi saa tano. Taa inawaka! Kefa ameshakwenda. Kwenye daftari la matengenezo ameandika: Taa nzima. Imewaka mara moja. Tatizo ni mtumiaji.

Mtumiaji! Anajua fika mtumiaji ni nani.

Jumamosi, 24 Juni

Imeanza kupepesa jana mchana. Leo saa nne imekufa kabisa. Fabiano amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema eti umefanya nini tena. Nikamwambia nimefanya kazi yangu, Bwana, jaribu na wewe siku moja. Makarani wakainamisha vichwa. Najua nitalipia hilo neno. Sijutii.

Kefa ataitwa Jumatatu.

Jumatatu, 26 Juni

Nimefuta tena, nimesugua tena, nimeng'arisha mpaka kioo. Nikatoka. Kaja. Taa imewaka kwake kama mbwa anayemjua mwenyewe. Ameweka stata mpya, kile kidude cha kuamshia tyubu, akaandika: Taa nzima. Mtumiaji afundishwe kuwasha.

Fabiano amelisoma kwa sauti mbele ya makarani wote. Halafu akaniita ofisini, akafunga mlango. Tarehe saba, Sabasaba, anakuja mgeni kutoka wizarani kuona tangi. Fundi atakagua Alhamisi, siku moja kabla. Akiandika mara ya tatu kwamba kosa ni la mtumiaji, narudi kwenye ufagio. Samaki atapewa Theodora, mtoto wa dada yake, amemaliza darasa la kumi. Kumbe! Taa ni kisingizio. Binti alikuwa ameshakatiwa nafasi kabla tyubu haijapepesa.

Ufagio siuogopi. Lakini wale samaki ni wangu. Nimelea vifaranga tangu wana ukubwa wa punje ya ulezi. Nyumbani ni mjane, kanisani nakaa benchi la nyuma, hapa tu ndipo watu wananiuliza swali na kusubiri jibu. Sitoki.

Alhamisi, 29 Juni

Theodora kaletwa "ajifunze." Shikamoo yake ameisemea dirishani. Amewamwagia samaki mkate mzima. Nimeuopoa wote kwa chujio la chai, naye amekaa anapaka kucha rangi.

Jumamosi, 1 Julai

Taa imezimika. Siku zilezile nne tano. Safari hii sikushtuka hata kidogo, nimeshachoka kushtuka.

Selina kapita nyumbani jioni, miguu imevimba. Nikamfokea mumewe kupitia yeye, maskini ya Mungu. Nikamwambia mumeo ananichimba, anataka nirudi kuokota takataka za makarani. Selina analia. Anasema, mama, Kefa hana ubaya, anasema pale mahali panang'aa kuliko hospitali, hakuti hata vumbi la kumwonyesha kosa liko wapi.

Nikamwambia aende zake. Sasa najuta. Na hilo neno lake limenikaa.

Jumapili, 2 Julai

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu siku. Nafuta — inawaka. Siku nne — inakufa. Nafuta — inawaka. Fundi hajafanya kitu. Hata hiyo stata yake si kitu!

Jumatatu, 3 Julai

Nimewahi kabla ya wote. Nimekaidi marufuku ya swichi. Nimechomoa waya, nimetoa tyubu, nikafuta ncha moja tu. Nikarudisha, nikachomeka — kimya. Nikachomoa, nikafuta ncha ya pili. Nikachomeka. Ikawaka!

Ule ungaunga mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi! Chumvi tupu, ileile inayobaki kwenye ndoo za Mughwai. Maji yetu ni ya Singidani, ya ziwani, kwa sababu perege hawa ni wa ziwani na maji ya bomba yangewaua. Pampu inapiga mapovu, mapovu yanaruka mpaka kwenye taa, yanakauka, chumvi inashika vyuma, umeme haupiti. Ndivyo tu! Na mimi kila Kefa akija nasugua kosa lote, nazima na pampu, namwachia kitu kizima. Nimejichongea kwa mkono wangu mwenyewe, ili mkwe asiseme mama yake Selina ni mchafu. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakasirika upya.

Nimekwenda kwa Fabiano. Nimesema Bwana, ni chumvi. Hata sikufika kwenye habari ya maji ya ziwani, amenikata. Umeme umesomea kwenye ufagio gani? Mwenye cheti ndiye anayeandika. Toka.

Sawa.

Jumanne, 4 Julai

Nimemkuta Selina sokoni, nikamnong'oneza haraka: mwambie mwenzio ni chumvi kwenye vyuma. Jioni Martha wa jirani kaniletea jibu, katumwa na Selina. Kefa kauliza, chumvi ya mboga imefikaje kwenye taa?

Ya mboga! Anaona mama mkwe hana anachojua ila chungu.

Jumatano, 5 Julai

Nimeamua. Sifuti. Pampu nimeiacha tangu juzi usiku na mchana, tena bomba la hewa nimelisogeza chini ya taa yenyewe. Saa nane mchana taa imepepesa, saa tisa imekufa. Vyuma vyeupe kabisa. Mfuniko una madoa, kioo kina madoa. Mtu yeyote akitazama ataona, hata aliyesoma Dar es Salaam.

Naona haya mpaka masikioni. Mama yangu angeniona leo asingenikubali. Mkwe anakuja kesho, na mimi nimemwandalia uchafu. Lakini wacha auone. Wacha aseme nyumbani kwake kwamba mama yake Selina hajui kitambaa.

Fabiano kapita, katazama giza, akatabasamu. Mwaka mzima sijaona mtu akifurahia giza namna ile.

Alhamisi, 6 Julai

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandikia nyuma ya kabati la nyavu, ninapoficha daftari hili.

Nimefika, nikakuta tangi linang'aa. Kila kitu! Mfuniko umefutwa, vyuma vimesuguliwa, pampu imezimwa. Theodora kasimama na kitambaa kibichi mkononi, anasema mjomba kamwambia asafishe kwa ajili ya mgeni. Siku zote hagusi kitu, leo kagusa! Nimemnyang'anya kitambaa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kakimbia analia.

Nilikuwa nataka kuwasha pampu, angalau. Nikasikia viatu ukumbini na sauti ya Fabiano: karibu fundi, karibu. Mlango ni mmoja. Dirisha lina nondo. Nikaingia huku nyuma, nikajifunika kanga kichwani.

Kefa yuko humu. Hatua nne kutoka nilipo. Sijawahi kuisikia sauti yake karibu hivi — nyembamba kuliko nilivyodhani.

Kachomeka. Imewaka. Bila shaka imewaka!

Fabiano anasema umeona mwenyewe, jana ilikuwa imekufa, leo amekuja binti mwenye akili imewaka. Andika, fundi, mgeni anafika kesho. Namsikia Kefa anafungua kitu kwa bisibisi. Anafunga. Anafungua tena. Mwanaume huyu hana haraka, hilo nalikubali.

Anasema: hii taa kwangu inawaka siku zote. Sipendi taa inayowaka kwangu tu.

Fabiano anasema mimi sitaki mashairi, nataka sahihi.

Daftari la matengenezo limewekwa mezani, nimelisikia. Kefa anasema angekuwepo mtunzaji mwenyewe angemuuliza jambo moja, lakini ndiyo hivyo, haiwezekani, yule ni mama yangu. Kasema mama yangu. Fabiano anacheka: jambo gani hilo, niulize mimi, ofisi ni yangu.

Kefa anauliza: maji haya mnayatoa wapi?

Kumbe chumvi yangu hakuitupa! Sema, Fabiano. Sema ziwani. Kila Jumanne na Ijumaa mkokoteni unapita chini ya dirisha lako.

Kasema: ya bomba.

Ya bomba! Miezi mitatu hajauliza hata mara moja. Na amejibu kama mtu aliyeyachota mwenyewe.

Kefa kashusha pumzi. Anasema basi, kama ni ya bomba, sina la kuandika ila lilelile. Ameomba kalamu. Fabiano anajipapasa mifukoni, anasema kalamu ameiacha mezani kwake, subiri aichukue. Viatu vyake vinakwenda. Tumebaki wawili humu. Mkwe na mimi, na samaki.

Anapiga kioo kwa kidole, polepole. Anawasemesha perege.

Nikikohoa tu atajua. Selina, nisamehe. Nimevuta kanga mpaka puani — viatu vinarudi — natoka nikamwambie ni ya ziwani.