Zamu ya Kaputula

Jumatatu, 10 Juni 1974

Nimekamua. Maziwa hayakufika hata nusu ya kibuyu. Hawa ng'ombe wetu wafupi hawajawahi kutoa maziwa ya kujivunia, na mimi sijivuni. Wanachojua ni kuishi. Mbung'o wanawauma mchana kutwa, jioni wanarudi zizini wanacheua. Ng'ombe wakubwa walioletwa huku kutoka Nzega walikufa wote kabla hawajaizoea njia ya kwenda mtoni.

Bwana mifugo amepita na baiskeli akitangaza. Jumamosi madume wote wa kienyeji wahasiwe. Linakuja dume la kisasa kutoka ranchi. Atakayeficha dume, kundi lake lote litaingizwa zizi la kijiji. Kijana mwenyewe hata ndevu hazijakamilika. Amenipa shikamoo vizuri, nikaitika marahaba, nikamchukia.

Jumanne, 11 Juni

Chama chetu cha siri, sisi wenye ng'ombe wafupi, kimekutana kwa Mzee Kasanda. Tukiulizwa tunasema ni mazoezi ya kwaya. Kwa sauti zetu, anayeamini hilo ni mjinga.

Madume safi wa wafupi wamebaki wawili tu, wengine wote damu imechanganyika. Kuna Kaputula, dume la chama, wa kahawia mpaka magotini na miguu myeupe chini, kama karani wa zamani aliyevaa kaputula. Na kuna mwanawe, aliye kwangu. Mama yake alikufa akizaa, nikamlea kwa kibuyu jikoni mwangu.

Wawili hawafichiki. Inabidi mmoja atolewe ili mwingine asitafutwe. Kasanda alisema hivyo akiangalia chini. Wengine waliniangalia mimi. Nikasema sawa. Nyamizi, mke wa Kasanda, alitaka kunishika mkono. Nikauondoa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemshika pembe mimi mwenyewe. Kwa mtu mwingine angepigana. Kwangu alisimama tu, akanilamba mkono, akidhani nina chumvi. Koleo la kuhasi likabana upande mmoja, kisha wa pili. Kinachovunjika mle ndani kinasikika. Sikujua.

Alimkojolea bwana mifugo viatu. Hiyo ndiyo furaha yangu ya leo.

Hata ndama wadogo hawakuachwa. Mwisho kijana akapanda juu ya gogo akatangaza kwamba Mama Yohana ni wa kuigwa, mama wa mfano, ameleta dume lake bila kusukumwa. Watu wakanipigia makofi. Nimerudi nyumbani na maksai. Nimempa jina: Mfano.

Jumapili, 30 Juni

Sasa sote tunakaa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa kama meno. Mahame tumeyaachia nyani. Kasanda peke yake amebaki kule porini, kwa sababu ya bani lake la kukaushia tumbaku. Chama cha ushirika kilimwombea ruhusa.

Kaputula anakwenda kwa zamu. Kila mwanachama anakaa naye kwenye mahame yake mpaka majani yaishe, halafu anamsogeza kwa mwenzake. Tunamsogeza wakati wa hotuba, kila mtu akiwa mkutanoni. Tunapita njia ya zamani ya wapagazi, ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Siku hizi imebaki mfereji tu kwenye miombo, na wa kupita humo ni wazee wenye dhambi kama sisi.

Nilipotoka njiani leo nimekutana na Chilewa, Mgogo anayetengeneza baiskeli, mtani wetu. Ameniuliza kwa nini nanuka mavi ya ng'ombe siku ya Bwana. Nikamjibu kwamba nimepita karibu na kwao. Alicheka mpaka akakohoa. Nyamizi anasema tumwambie habari za Kaputula, ni mtu mwema. Nimekataa. Mdomo wa Chilewa hauna mlango.

Jumatano, 17 Julai

Dume la kisasa limeshushwa kwenye lori. Jekundu, refu, limenona. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikapiga. Watu wamelipa jina la Mheshimiwa. Linakula pumba kuliko familia nzima.

Mbung'o walishatua shingoni mwake kabla lori halijaondoka. Nililiangalia likipigapiga mkia, halijui la kufanya. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 22 Agosti

Zamu ya Kasanda. Kaputula yuko ndani ya bani, na anatoka kula wakati hakuna mtu njiani. Hana kazi. Majike wote wamekonda mbavu nje, hakuna hata mmoja anayetaka dume. Mwaka huu mvua ilituchezea. Tunangoja nyasi mpya.

Kasanda anakohoa vibaya. Amekataa kupelekwa hospitali ya Kitete. Anasema akienda yeye, nani atamnywesha Kaputula.

Ijumaa, 13 Septemba

Kasanda amefariki asubuhi.

Atazikwa kesho kule kule kwake, walikozikwa wazazi wake. Kijiji kizima kitafika. Nimemwambia Nyamizi tumtoe Kaputula sasa hivi. Alikuwa ameketi chini miguu ameinyoosha. Akasema muache, mwekee majani mengi, atanyamaza, mume wangu alikuwa akimwacha siku nzima. Huwezi kubishana na mjane ambaye maiti bado iko ndani. Na watu walishaanza kujaa njiani. Nikaweka majani, nikafunga mlango kwa kamba.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Watani walikuja mapema, Chilewa mbele. Alilivaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi cha Kasanda hasa. Hata Nyamizi alicheka na machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya watani, na wanaijua.

Mchungaji alipokuwa anaomba, Kaputula akalia ndani ya bani. Mara moja tu, kwa sauti ndefu. Labda alisikia kikohozi kile.

Chilewa akakata kamba. Akamtoa nje, akamshika pembe, akatangaza kwamba huyu ni kitoweo cha watani, Wanyamwezi walikuwa wanamficha ili wale peke yao. Watu wakashangilia. Bwana mifugo alikuwa pale. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa pale, kwenye benchi la mbele.

Mtani akishika kitu msibani humnyang'anyi. Unakikomboa kwa kitu kingine, na unakikomboa huku unacheka na kumtukana. Kila mtoto wa hapa anajua. Ningemwambia Wagogo hawajawahi kuona nyama ila ya misiba ya wenzao. Ningemtupia kamba ya mbuzi usoni. Angeridhika, angemwachia, tungeendelea kuzika.

Mimi nikamsogelea na uso wa kilio.

"Chukua mbuzi wangu wawili, baba," nikasema. "Huyu muache, tafadhali."

Tafadhali. Nani amewahi kumwambia mtani tafadhali?

Chilewa akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kumwona mwenye mali anakuja mbio. Akamshika Kaputula kwa mikono miwili. Kwa mbuzi wawili, akasema, basi huyu amejaa asali. Nikaongeza mbuzi wa tatu. Nikazidi kuharibu. Watu wakaanza kuimba kwamba Mama Yohana ni mchoyo wa nyama, hata marehemu anamnyima. Nikatazama benchi la mbele. Bwana mifugo alikuwa ameacha kutabasamu, ananiangalia mimi, halafu dume, halafu mimi. Ningefungua mdomo niseme sababu, koleo lingeletwa saa ile ile, na ng'ombe wote wa Nyamizi wangeswagwa hadi zizi la kijiji kabla kaburi halijafukiwa.

Nikafunga mdomo.

Walimchinja pembeni ya bani. Hakusumbua. Wafupi hawana makuu.

Chilewa akayakata makende, akayaweka kwenye jani la mgomba, akapiga magoti mbele ya bwana mifugo. "Bwana mkubwa, kazi yako hii uliisahau. Tumekumalizia."

Msiba mzima ulivunjika mbavu. Mwenyekiti alijipangusa machozi. Bwana mifugo naye akacheka, afanye nini, akapewa na maini. Kesi ikaishia hapo. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani. Sikuimba.

Jana nilikula. Nililetewa sahani nikala. Nyama ilikuwa tamu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nyamizi amemwambia Chilewa kwa nini tulikuwa tunamficha Kaputula. Sikumtuma. Leo nimepeleka baiskeli yangu kuzibwa pancha. Amenipa shikamoo. Ameziba, amejaza upepo, amefuta hata matope kwenye rimu, hakunitania neno. Tangu nimjue mtu huyu sijawahi kupata shikamoo yake. Heri angenitukania ukoo mzima.

Chama hakijakutana. Watu wakiniuliza kwaya imeishia wapi, nasema sauti zimekauka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mheshimiwa amekufa. Alikonda mpaka ngozi ikawa kama nguo ya kuazima, macho yakalia, wiki hii hakunyanyuka. Nyama yake hata mbwa waliifikiria kwanza.

Alasiri bwana mifugo amekuja kwangu kwa miguu. Amekaa kwenye kigoda, kofia mkononi. Amesema wakubwa wanamuuliza yeye. Amesema sasa ameona mwenyewe kwamba huku panataka damu ya huku. Ameongea vizuri, kwa adabu, mpaka nikamwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

"Mama, najua watu walificha. Sitamshitaki mtu. Hakuna hata dume moja fupi lililobaki?"

"Lilikuwapo," nikamwambia. "Ulikula maini yake."

Nilimwacha aketi pale. Nilikwenda kuchota maji, niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua imenyesha wiki nzima. Nyasi zimeota mpaka kwenye mfereji wa wapagazi. Majike wameanza kunawiri, maziwa yameongezeka kidogo.

Leo jike langu jeusi anataka dume. Tangu alfajiri analia, anazunguka zizi, anawapandia wenzake. Nimefagia, nimekamua waliobaki, nimechemsha uji.

Nilipotoka nje nimemkuta Mfano amempanda. Maksai wengine hawaachi, hata baada ya koleo, ingawa ndama hatapatikana. Alikuwa anafanya kila kitu kama baba yake, na jike ametulia, miguu ameikaza, amemngoja.

Ningeweza kumfukuza. Nimesimama na fimbo mpaka akashuka mwenyewe. Kisha amekuja kwangu, akanilamba mkono. Leo nilikuwa na chumvi. Nimempa.