Tezi za Kwanza

Jumanne usiku

Majibu yametoka, tezi ni safi, na bado sina furaha.

Daktari alitueleza vizuri. Alipomtoa mama mkwe mfuko wa uzazi wenye saratani, alimdunga rangi ya bluu na kuifuata hadi kwenye tezi za limfu inakofikia kwanza. Akatoa hizo tu, zikapimwa.

"Saratani ikitoka, lazima ipite hapo kwanza," alisema. "Ni kama barrière, kizuizi cha mpakani. Hatukuikuta hapo, basi haijavuka." Nyingine ameziacha ili miguu isije ikavimba.

Nilitamani kumkumbatia. Mama mkwe, ambaye miaka yote amevusha samaki kwenda Goma kwa Petite Barrière, aliguna.

"Bon, docteur. Lakini mutu wa magendo hapitake ku barrière."

Daktari alitabasamu, kisha akakiri kwamba hutokea, mara chache. Hilo "mara chache" ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Nilimkasirikia mama mkwe, si daktari. Angeniachia furaha yangu walau mpaka jioni!

Baada ya chakula akanyoosha miguu, nikaikanda. Haijavimba. Nikamwambia, mama, daktari anajua kazi yake, usijitafutie hofu.

Akanishika mkono.

"Mukazana wangu, wakati walifunga mpaka, unazani tulikulaka nini? Nilipita pembeni, kila siku, na samaki yangu kichwani. Askari walikuwa pale pale ku barrière. Hakuna hata mumoja aliniona."