Tela Alilojenga Noelene

Mama Merle mpendwa, nasoma safu yako ya ushauri gazetini kila wiki, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nina miaka sitini na moja na nimefanya jambo la mtoto wa darasa la pili, na sasa sijui nijinasue vipi.

Mke wangu Noelene amejenga tela dogo la kupigia kambi, yale ya kulala watu wawili yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na jiko ndani yake, na aliposema atalijenga mwenyewe nilicheka, lakini akanunua mabomba ya chuma ya mraba, akayakata, akayapanga kwenye sakafu ya banda letu, akapima kona hadi kona, akakuta zinatofautiana kwa unene wa ukucha, akasema, "Hapana, hii imepinda," akabomoa akaanza upya, na mimi nimekaa pembeni na chai yangu namtazama, na nakwambia ukweli, katika miaka thelathini na minne ya ndoa sijawahi kumpenda kama nilivyompenda siku ile akiwa na kofia ya kuchomelea usoni.

Kabla ya kufunga ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, alijaza mchanga kwenye mifuko, akapima kila mmoja, akaandika kwa chaki huu godoro, huu maji, huu jiko, na mmoja akauandika "bia zake," akaipanga yote juu ya fremu kila mmoja mahali pake, kisha akaikalisha fremu juu ya bomba la duara, akalisogeza bomba mbele na nyuma mpaka fremu ikatulia bila kuinamia upande wowote, akaweka alama, halafu ekseli akaifunga nyuma ya alama ile, si juu yake, na mwisho akaweka mizani ya bafuni chini ya pua ya tela, pale linapoungwa na gari, akainama kusoma, akasema, "Moja ya kumi ya uzito wote, mume wangu, ndivyo inavyotakiwa," akacheka peke yake kwa furaha.

Basi Pasaka tukaenda kambini kando ya mto, na asubuhi Noelene alikuwa ameenda kuoga, na wanaume wa kambi unawajua, wanazunguka na vikombe vyao wakichungulia chini ya matela ya wenzao, wakapiga magoti kwenye tela letu, mmoja akasema, "Mzee, hii mishono ya kuchomelea ni ya nani? Usiniambie ni yako, wewe si ndiye uliyeita fundi akubadilishie balbu?" wakacheka wote, na mimi, Mama Merle, sijui nini kilinipata, nikasema, "Yangu, bwana. Mwaka mzima huo." Yule mcheshi akanyanyuka akanipa mkono kwa heshima, na sijawahi kupewa mkono namna ile tangu nizaliwe, na Noelene aliporudi na taulo kichwani nikabadilisha mazungumzo.

Kama yangeishia pale ningenyamaza mpaka naingia kaburini, lakini jirani yetu kijana wa nyumba ya tatu alikuwepo, naye anajenga tela la namna hiyo hiyo, na wiki iliyopita akaja getini akaniuliza, "Mzee, ekseli niiweke wapi?" nami nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Katikati, kijana wangu, katikati kabisa," maana ilisikika vizuri. Wakati wa chakula nikamuuliza Noelene juu juu, kama mtu anayeulizia mvua, akasema, "Katikati? Na jiko liko nyuma? Siku akiteremka mlima kwa kasi, pua itakuwa nyepesi, mkia utaanza kuyumba, na ukishaanza unalitupa gari mtaroni. Nani huyo mjinga aliyemwambia?" Nikainuka nikaosha vyombo.

Kijana anachomelea Jumamosi, na ana mke na mapacha wa miaka mitatu. Nikimwambia ukweli, kambi nzima itajua, na Noelene atajua nilichomwibia. Nimefikiria kumtumbukizia kijana karatasi ya onyo isiyo na jina. Nishauri, na tafadhali usitaje majina yetu.

Fundi wa Uongo, Red Cliffs


Fundi wa Uongo,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikacheka, na sasa nimerudi kwenye hasira, kwa hiyo nitakujibu upesi.

Karatasi isiyo na jina? Watoto wawili watakaa ndani ya gari hilo, na wewe unatafuta bahasha. Weka barua hii chini, vaa viatu, nenda nyumba ya tatu. Sema hivi: "Nilichokuambia ni kosa, usichomelee. Mimi sijui kujenga tela. Anayejua ni mke wangu." Akikucheka, subiri amalize, kisha urudie, uhakikishe amekuelewa.

Halafu rudi nyumbani. Usianze na maua wala keki. Mwambie Noelene maneno uliyosema kambini, yale yale, bila kuyapunguza makali. Huenda akanuna wiki nzima, na atakuwa na haki. Nakuonea huruma, si kwamba sina moyo. Najua ilivyo kutaniwa miaka yote kwa ajili ya balbu moja. Lakini mkono ule haukuwa wako, na unajua, ndiyo maana unakuwasha.

Kitu kimoja kimenishangaza kuliko uongo wenyewe. Umemsifu mkeo kwangu, mtu usiyemjua, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kulala chini ya tela hilo niangalie mishono. Mwanamke amepima hadi bia zako, bwana. Nimetafuta kwenye barua mahali unapomwambia yeye hayo. Sijapaona. Mwambie leo.

Jumamosi, Noelene akitaka kumsaidia kijana, na umuulize, usimwamulie, nenda naye. Wewe utabeba mifuko ya mchanga na kushika futi. Vitu vizito vipangwe mbele ya ekseli, na pua ipimwe tela likiwa na mzigo wake wote, si tupu. Yeyote akija kuchungulia na kuuliza ni kazi ya nani, jibu wewe, kabla yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nimekutumia jibu hili leo Jumatatu kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi asubuhi, na Noelene hulisoma kama watu wote wa hapa. Jina lako nimelificha, kama ulivyoomba. La kwake nimeliacha.

Merle